Nilivyokimbizwa Leba Nikiwa na Miaka Hamsini na Nane

Wenzangu, leo heshima yangu imemwagika. Sisemi kwa mafumbo. Imemwagika sakafuni, kwenye korido ya hospitali, mchana kweupe, na aliyesimama karibu kuliko wote ni mkwe wangu.

Humu kundini tumeambiana mengi tangu tulipokuwa wasichana kwa masista. Habari za waume, za magoti, za meno ya bandia. Kwa hiyo naandika yote, na naandika sasa hivi kabla akili ya kunyamaza haijanirudia. Nimekaa jikoni karibu na moto, nimejifunga blanketi. Nguo niliyovaa leo nimeianika nyuma ya nyumba ili jirani asiione. (Jirani ni Eufrasia. Alikuwa nami. Kila kitu anakijua. Bado nimeificha.)

Nianze na jambo ambalo sikumwambia mtu. Hedhi mimi nilishaikoma zamani, nikaisahau kabisa. Mwezi wa nne, nikiwa napalilia, nikaona damu. Kidogo tu. Nikasema ni uchovu. Mwezi wa tano ikarudi, nikasema ni mizigo ninayobeba. Mwezi wa sita ikarudi tena na sikuwa na kitu kingine cha kusingizia. Dada yangu Osmunda, nyote mlimfahamu, alianza hivyohivyo. Mnakumbuka tulivyomzika.

Tangu hapo naogopa. Naogopa nikichota maji, naogopa nikiwa kanisani, naogopa hata nikicheka. Lakini sikusema, kwa sababu Batlida wangu, kitindamimba, posa yake imepokelewa, na wakwe wanakuja Jumapili hii kupanga tarehe ya ndoa. Namjua binti yangu. Akisikia mama anaumwa, ataahirisha kila kitu. Nikapanga mambo yangu kama ratiba ya shule: kwanza ndoa, halafu kansa.

Eufrasia akaivuruga ratiba. Alinikuta nafua alfajiri kitu ambacho wanawake wa umri wetu hawafui. Hakuuliza swali hata moja. Akaniburuza zahanati, na zahanati wakasema niende Mbinga mjini nikapigwe altrasaundi ya nyonga, waone kizazi kina nini.

"Na mama," muuguzi akaniambia, "kunywa maji mengi, halafu usikojoe mpaka upigwe picha. Kibofu kiwe kimejaa."

Sasa hapo ndipo ualimu uliponiponza. Nimestaafu mwaka jana lakini ualimu haustaafu. Mtu mwingine angesubiri afike hospitali ndipo anywe. Mimi nilikunywa nyumbani. Jagi zima. Juu yake nikaongeza bakuli la uji, kwa usalama.

"Si ungenywea kulekule?" Eufrasia akasema.

"Mwalimu haingii darasani bila maandalio," nikamjibu.

Mnaijua baridi ya Umatengo mwezi wa saba. Ukungu umelala juu ya mikahawa, mikono haisikii kitu, na mwili ambao hautoi jasho unatafuta njia nyingine ya kutolea maji. Tukapanda boda, mimi katikati na Eufrasia nyuma, mshikaki wa wajane wawili. Barabara ya kutoka kwetu Mapera mnaijua pia. Kila shimo nilimwomba mtakatifu mmoja. Tulipoanza kuona mabati ya Mbinga nilikuwa nimewamaliza watakatifu wote ninaowajua, naanza kuwaomba manabii wa Agano la Kale.

Nikashuka kwenye ile boda taratibu. Nikatembea taratibu. Kijana wa boda akaniuliza kama nimeteguka.

Korido ya altrasaundi ina benchi refu, na benchi lote lilikuwa limejaa wajawazito. Wasichana. Wengine nywele wamesuka rasta za rangi. Mimi mvi zangu nilikuwa nimezifunika kwa kitambaa, lakini uso haufunikwi. Wakanisogezea nafasi kwa heshima nikakaa, tumbo langu la maji likiwa mbele yangu kama lao.

"Shikamoo Mwalimu."

Alikuwa Sesilia. Nilimfundisha darasa la tatu palepale Mapera. Sasa ni mama mtarajiwa, amebakiza siku chache, miguu imevimba.

"Marahaba, Sesilia."

Akaniangalia usoni. Akaniangalia tumboni. Akarudi usoni.

"Hongera, Mwalimu."

"Nimekuja kupima nyonga, Sesilia."

"Ndiyo, Mwalimu."

Namjua huyu mtoto. "Ndiyo, Mwalimu" ya Sesilia ndiyo aliyokuwa akinipa darasani kila alipokuwa hajaelewa. Akageuka akamnong'oneza wa pili yake, wa pili akamnong'oneza wa tatu, na habari ikatembea benchi zima hadi mwisho na kunirudia kwa macho. (Marehemu mume wangu yuko kaburini mwaka wa sita sasa. Mungu amlaze mahali pema na amzibe masikio.)

Zamu yangu ilipokaribia, akaletwa mama mmoja kwenye machela, hali mbaya, akapitishwa mbele. Ni haki yake, sikulalamika. Mlango ukafungwa, tukasubiri. Eufrasia akasema njaa inamuuma, anatoka kutafuta chapati. Nikabaki na kibofu changu.

Sijui niwaelezee vipi. Mliozaa mnajua. Benchi lilikuwa la saruji, baridi inapanda kutoka chini. Nikakunja mguu huu juu ya ule. Nikabadilisha. Nikajaribu kufikiria jangwa. Nikajaribu kumfikiria dada Osmunda ili hofu ikaushe maji, lakini hofu haikaushi, inaongeza. Nikawa natikisika mbele na nyuma huku nimeuma pindo la kitenge.

"Uchungu umeanza, Mwalimu?" Sesilia akauliza kwa upole.

"Sesilia, kaa kimya."

"Ndiyo, Mwalimu."

Choo kilikuwa pale pale mwisho wa korido. Nilikuwa nakiona. Lakini niliambiwa usikojoe, na mimi maisha yangu yote nimewaadhibu watu kwa kutofuata maelekezo. Nikakaa.

Na hapo, kutoka upande wa choo, akatokea Mzee Ndimbo.

Niwaeleze mlioolewa mbali mkasahau ya kwetu. Mzee Ditram Ndimbo wa Namswea ni baba yake Alto, na Alto ndiye anayemuoa Batlida. Ni mzee wa kanisa, anavaa koti hata shambani, anaongea polepole kama anayechambua mchele. Alikuwa amekuja kupima presha. Mimi na yeye, mpaka mambo ya posa yakamilike, hatutakiwi hata kukutana njiani kwa kubahatisha. Na tukikutana, namsalimia kwa magoti. Mkwe hasalimiwi kwa kusimama. Wala hasalimiwi kwa haraka haraka. Mama wa binti akimpita mkwe wake bila salamu kamili, ameshatangaza kwamba hataki ukoo ule.

Nikavuta kitenge nikafunika kichwa na uso. Nikajifanya nimelala. Angepita, wenzangu. Alikuwa anapita. Kofia ilikuwa mkononi, macho mbele.

"Mwalimu," Sesilia akanigusa bega, sauti wazi kabisa, "amka, mkwe wako huyu hapa."

Mzee Ndimbo akasimama.

Nikahesabu njia zilizobaki. Nikikimbilia choo, nimemkimbia mkwe. Nikisimama tu, nimemdharau. Nikabaki na ile njia ya tatu. Nikatua mkoba, nikavua kandambili, nikashuka magotini kwenye sakafu. Ile sakafu baridi.

"Shikamoo, mkwe."

"Marahaba, mkwe," akasema, akisogea pembeni kidogo na kuangalia ukutani kama inavyotakiwa. "Nyumbani mmeamkaje?"

"Tumeamka salama."

"Watoto?"

"Wazima."

"Kahawa mmeanza kuchuma?"

"Tunachuma, mkwe."

"Imeiva pamoja, au inaiva kidogo kidogo?"

"Pamoja," nikasema. (Si kweli. Imeiva kidogo kidogo. Lakini hilo ni jibu refu.)

"Ile mashine yenu ya kumenyea haikuwasumbua mwaka huu?"

"Haikusumbua."

"Na maharage ya kwenye ngolo mmeshavuna?"

Wenzangu, ngolo ni mashimo matupu ya kwenye shamba la mlimani, yanakinga maji ya mvua yasiteremke. Nilipolisikia neno lile nililiona shamba zima, mashimo yote yamejaa, maji yanafika ukingoni.

"Tumevuna, mkwe."

"Na nguruwe?"

"Wazima."

Akamaliza. Ikawa zamu yangu. Mkwe akikuuliza yote hayo, nawe unayarudisha moja moja. Kinyume chake ni ukosefu wa adabu, na mimi nimefundisha adabu Mapera nzima.

"Na ninyi, mkwe," nikasema, machozi yananitoka, "mama hajambo?"

"Mama hajambo kidogo," akasema, akaweka fimbo vizuri, nikajua hadithi inakuja. "Isipokuwa tulipata msukosuko wa ng'ombe. Unamkumbuka yule mweusi?"

Nikainamisha kichwa, kama ishara kwamba namkumbuka ng'ombe mweusi na nampa pole. Nilipoinama, tumbo likakunjika. Na mambo yakaisha.

Sikukojoa. Naomba hilo lieleweke. Kukojoa ni tendo, mtu huamua. Hili lilijitendea lenyewe, kimya, la moto, bila mwisho. Jagi lote. Uji pia, nadhani. Maji yakalowesha kitenge, yakatambaa sakafuni, yakafuata mteremko, na mteremko ulikuwa unaelekea kwenye viatu vya mkwe. Mzee Ndimbo akainua mguu mmoja. Akautua nyuma kidogo. Akainua wa pili. Alikuwa bado anasema habari za ng'ombe, maana mtu mwenye adabu hakatishi.

Kwa muda kidogo ilionekana tunaweza wote wawili kujifanya hakuna kilichotokea. Mimi nilikuwa tayari. Naamini naye alikuwa tayari.

Sesilia akasimama na tumbo lake.

"Nesi! Chupa ya Mwalimu imepasuka! Nesi!"

Nataka mjue kwamba sauti ile ni kazi yangu. Darasa la tatu alikuwa akisoma kwa kunong'ona. Kila siku nilimsimamisha nikamwambia, Sesilia, nataka wa nyuma kabisa akusikie. Leo wa nyuma kabisa amemsikia. Dirisha la dawa wamesikia.

Akatokea muuguzi mwenye mwili, mkunga wa siku nyingi, akisukuma kiti cha magurudumu. Nikafungua mdomo kueleza. Nikanyanyuliwa kwapani. Nikakalishwa. Kiti kikaondoka kwa kasi, kandambili zangu zikabaki, na jambo la mwisho nililoliona nikigeuka nyuma ni Mzee Ndimbo, kofia kifuani, akinisindikiza kwa macho kama msafara wa askofu.

"Mimba ya ngapi hii?" mkunga akauliza huku anakimbia.

"Nina miaka hamsini na nane."

"Sijauliza umri, mama. Mimba ya ngapi?"

"Sina mimba."

"Wa mwisho ulimzaa lini?"

"Wa mwisho anaolewa."

Akafikiri nimechanganyikiwa kwa uchungu. Akanipiga piga bega, akaniambia nipumue kwa mdomo. Wenzangu, nilipumua kwa mdomo. Nilikuwa nimefika mahali ambapo unafanya chochote unachoambiwa.

Leba wakanilaza kitandani. Kuta zinanukia dawa, kitanda cha pili msichana anamwita mama yake. Mkunga akachukua kile kifaa cha kusikilizia mapigo ya mtoto, kinachofanana na faneli, akanibandika tumboni, akaweka sikio. Akasogeza kulia. Akasogeza kushoto. Uso ukabadilika.

"Mtoto simsikii," akasema taratibu.

Na hapo mlango ukafunguka, Eufrasia akaingia na chapati zake kwenye gazeti. Koridoni walimwambia rafiki yake yuko leba, sasa anaingia na kusikia mtoto hasikiki. Eufrasia anajua vizuri kwa nini tulikwenda pale. Yeye ndiye aliyenipeleka. Akaketi sakafuni akaanza kulia.

"Unalia nini wewe?" nikamwuliza.

"Mtoto," akasema.

Ndipo mkunga akaniangalia vizuri, akanivua kile kitambaa cha kichwa, akaona mvi. Akaminya tumbo. Likawa limekwisha, kama begi tupu.

"Mama, huna mimba."

"Najua."

"Yale maji?"

"Mkojo. Niliambiwa nijaze kibofu."

Akacheka, jamani. Akacheka hadi akashika kitanda. Eufrasia naye, machozi bado shavuni, akaanza kucheka, na yule msichana mwenye uchungu akacheka kati ya uchungu na uchungu. Nikajikuta hata mimi nacheka. Halafu mkunga akapangusa macho akauliza, "Sasa picha ya nini, mama yangu, kwa umri huu?"

"Natokwa na damu," nikasema. "Hedhi ilikoma zamani. Sasa inatoka."

Akaacha kucheka. Ghafla, kama taa imezimwa. Akanifunika shuka vizuri, na mkono wake ukawa laini kuliko mwanzo.

Katika yote yaliyonipata leo, hilo ndilo lililonivunja. Aibu ya koridoni ilikuwa imenisahaulisha kwa muda mfupi, na uso wa mtu anayejua kazi yake ukanikumbusha. Nikageukia ukutani.

Simu yangu ikaita. Batlida, kutoka Songea.

"Mama, shikamoo. Mama, uko wapi?"

"Nipo."

"Mama, baba yake Alto amepiga simu Namswea kwa mkewe. Amesema uko leba."

Mzee Ndimbo haongei na simu sikioni. Huiweka kipaza sauti, huishika mbali na mdomo, na hupaza sauti ili ifike. Maana yake Namswea walikuwa wamepata habari, na korido yote ya hospitali ilikuwa imeipata mara ya pili.

"Mama," Batlida akasema, sauti imeshuka, "ni kweli una mimba?"

 Niwaambie ukweli kwa sababu ni ninyi. Nilifikiria kusema ndiyo. Nililala kwenye kitanda cha kujifungulia, nimelowa, nikapima mambo mawili. Mimba ya mjane ni fedheha, lakini mtoto wako hatakesha akikulilia. Lile la pili ni kumwambia mtoto, wiki ya posa yake, kwamba huenda mama yake anakwenda kwa njia aliyokwenda shangazi... samahani, mama yake mkubwa. Hata kuandika nakosea. Kwa dakika moja ile fedheha ilionekana nafuu. Ningeibeba hadi ndoa ipite, halafu ningesema imetoka.

"Sina mimba, mwanangu," nikasema. "Natokwa na damu."

"Tangu lini?"

"Tangu mwezi wa nne."

 Nikasikia magari ya Songea yakipita nyuma yake.

"Kama Mama Mkubwa?"

"Kama Mama Mkubwa."

Nilidhani atalia. Hakulia. Akasema, "Usikate simu, Mama." Sikukata. Nilisikia tu anavyopumua, kama alipokuwa mdogo ana homa nikalala naye mgongo kwa tumbo. Salio lake likaisha tukiwa bado hatujasema neno.

Mkunga akaniazima kanga kavu, akanirudisha mwenyewe kwenye altrasaundi kwa mlango wa nyuma. Nikamshukuru kwa huo mlango kuliko kwa jambo lolote.

Dokta wa picha alikuwa binti wa Tanga, amefunga hijabu ya bluu, maneno yake yana ule upole wa pwani.

"Karibu mama'angu. Pole, nimesikia misukosuko." (Alikuwa amesikia. Kila mtu alikuwa amesikia.) "Sikiliza, mama. Kwa mama aliyekoma hedhi halafu anatokwa na damu, picha inayoonyesha vizuri ni ile ya ndani. Ya juu ya tumbo kibofu hujaa, lakini hii ya ndani kibofu kinatakiwa kiwe kitupu. Umeshakojoa?"

Nikamwangalia. Nikafikiria jagi. Nikafikiria watakatifu wote niliowasumbua njiani.

"Amekojoa, dokta," Eufrasia akajibu mlangoni. "Hospitali nzima ni shahidi."

Akachukua kifaa chembamba, kirefu kidogo, akakivalisha kondomu mbele ya macho yangu. Mimi, wenzangu, ambaye kwenye kitabu cha darasa la saba ule ukurasa niliuruka kila mwaka. Nikafumba macho nikaanza Salamu Maria, nikafikiri, nikaacha, nikaona si mahali pake, halafu nikaendelea maana sina mwingine wa kumwita. Hakikuuma. Kinatia aibu tu, na aibu nilikuwa nimeshaimaliza koridoni.

Nikafumbua macho, nikatazama kioo. Kijivu chote, kinachezacheza, kama televisheni ya nyumba ya mapadre wakati wa mvua. Sikuona kitu. Yeye aliona. Mwanzoni alikuwa ananiongelesha, ananiuliza watoto wangapi, kijiji gani. Kisha akasogea karibu na kioo. Akasimamisha picha, akapima, akasogeza, akapima tena.

"Sema tu, mwanangu," nikamwambia.

"Ukuta wa kizazi umenenepa, mama. Umenenepa kuliko unavyotakiwa kwa mama wa umri wako."

"Ni kansa?"

"Picha haiwezi kusema. Inaweza kuwa hiyo. Inaweza kuwa kinyama tu kisicho na neno, au ukuta wenyewe umenenepa basi. Lazima kichukuliwe kipande kidogo kikapimwe. Daktari atakupeleka Songea, na usikawie." Akaniwekea mkono gotini. "Ungekuja mwezi wa nne ningefurahi zaidi. Ila umekuja."

Basi ndio hivyo. Niliondoka nyumbani nikitaka nijibiwe ndiyo au hapana, nimerudi na huenda. Sijawahi kumpa mwanafunzi maksi kwa jibu la huenda, na sasa itabidi nilale nalo.

Tulipotoka, korido ilikuwa imepungua watu. Sesilia alikuwa bado kwenye benchi, na mwisho wa benchi, uso kaelekeza ukutani ili asinitazame, alikaa Mzee Ndimbo. Kandambili zangu zilikuwa pembeni yake, zimeoshwa, zimekaushwa, zimepangwa kushoto na kulia. Sakafu ilikuwa safi.

"Mwalimu," Sesilia akaninong'oneza (sasa ndipo amekumbuka kunong'ona), "mhudumu alikuwa mbali. Mzee akaomba dekio akapiga deki mwenyewe. Watu walitaka kumsaidia akakataa. Akasema maji ya mkwe wake hayakanyagwi na watu."

  Mzee wa kanisa, koti limening'inia kwenye mlango wa choo, anadeki mkojo wangu akidhani ni maji ya uzazi. Natamani ardhi ipasuke, na wakati huohuo natamani Osmunda angekuwepo nimwambie.

"Mkwe," Mzee akasema, bado anauambia ukuta. "Binti yetu amenipigia. Ameniambia."

Nikavaa kandambili zangu.

"Jumapili tunakuja kama tulivyosema. Tutakuja tukae na mgonjwa, tutakula mtakachotupa. Tarehe ya ndoa hatutaipanga. Utaitaja wewe mwenyewe, ukitoka Songea."

"Na nisipo..." nikaanza.

"Ukitoka Songea," akarudia, polepole, kama anayechambua mchele.

Mnaelewa kwamba mtu akikuambia neno kama lile, tena mkwe, huwezi kuondoka hivihivi. Adabu inataka shukrani, na shukrani kwetu ni ya magoti. Nikashika kanga ya kuazima, nikaanza kushuka.

Mzee Ndimbo akaruka nyuma. Na presha yake, na fimbo yake, akaruka.

"Hapana, mkwe," akasema. "Tafadhali. Simama hapohapo."

Batlida amefika jioni hii kwa gari la mwisho. Yuko chumbani anapanga nguo zangu za Songea, na kila nikisogea anauliza naenda wapi. Sijui huko tutaambiwa nini. Naogopa sana, sitawadanganya.

Kwa hiyo chekeni, nawaruhusu, mimi mwenyewe nimeshacheka nikalia nikacheka tena. Ila kama kuna mwenzangu humu anafua alfajiri kitu ambacho hatufui tena, asisubiri ndoa ya mtu, aende kesho. Na akikutana na mkwe koridoni, amsalimie akiwa amesimama.